Barua kwa mwanangu: Je, Green Day waliwauza wenzao?

Mwanangu Zuberi,

Sisi hapa nyumbani wazima, na mama yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba kampuni kubwa ya muziki imewaita msaini mkataba, wenzako wawili hawataki, na katika mabishano mmoja akasema msije mkawa kama Green Day, waliowauza wenzao. Unataka kujua kama ni kweli, kwa kuwa bendi hiyo ya Marekani, ya panki, yaani roki ya kasi na kelele, naipenda tangu ujana wangu.

Hawakumuuza mtu, mwanangu. Ila vijana wa Gilman, ukumbi uliowakuza kisha ukawafungia mlango waliposaini na kampuni kubwa, nao walikuwa na haki yao, na mwenzako huyo lazima ausikie upande wa pili.

Ukumbi wenyewe uko namba 924, mtaa wa Gilman, mjini Berkeley, California. Ulifunguliwa mwisho wa mwaka 1986. Hauna bosi. Vijana wanajitolea: huyu anakaa mlangoni kupokea kiingilio, yule anahangaika na nyaya za spika, mwingine anafagia watu wakishaondoka. Masharti yaliandikwa wazi: pombe marufuku, dawa za kulevya marufuku, ngumi marufuku, ubaguzi marufuku. Mtoto wa miaka kumi na minne, ambaye baa zote zilimfukuza, pale aliingia akasikiliza panki mpaka usiku. Na sharti jingine: bendi iliyosaini na kampuni kubwa haipandi jukwaani.

Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gitaa wa Green Day, na Mike Dirnt, mpiga besi, walijuana shuleni wakiwa na miaka kama kumi. Baba yake Billie Joe, dereva wa lori aliyepiga pia jazi, alifariki kwa saratani Septemba 1982. Mama alibaki na watoto sita na kazi ya kuhudumia wateja mgahawani, na ni kwenye mgahawa huohuo vijana hao walipiga onyesho lao la kwanza mwaka 1987. Gilman ndiko walikokulia. Tré Cool alipokuja kushika ngoma mwaka 1990, baba yake alikarabati gari kuukuu lililokuwa maktaba ya kutembea, akawa dereva wao kwenye ziara. Mzee huyo namheshimu kuliko mameneja wote niliowahi kusoma habari zao.

Mwaka 1993 wakasaini na Reprise, kampuni kubwa ya muziki, na Gilman wakapigwa marufuku. Februari 1994 ikatoka Dookie, albamu waliyoirekodi Berkeley hapohapo, na Marekani peke yake imeuza zaidi ya nakala milioni kumi. Sasa fanya hivi: sikiliza Kerplunk, albamu waliyoitoa kabla yake na Lookout, kampuni ndogo ya muziki ya eneo lao, kisha uweke Dookie. Mtayarishaji Rob Cavallo amesafisha sauti, gitaa limeshiba, ngoma inasikika kila pigo. Lakini anayeimba ni yuleyule kijana aliyechoka kukaa bure, mwenye wasiwasi unaomkaba koo, kama anavyousimulia kwenye "Basket Case". Hakuna aliyemwambia aimbe mapenzi ya redioni. Walichopoteza ni nyumbani, na kiliwauma. Sikiliza "86" ya mwaka 1995, wimbo wa mtu anayerudi mahali pake akaambiwa hapa huna nafasi tena.

Hata hivyo sharti la Gilman nalitetea. Mawakala wa kampuni wangeanza kujipanga pale kila wikendi kuwinda Green Day mwingine, bendi zingepiga kwa ajili yao, na yule mtoto wa miaka kumi na minne angesahaulika. Ukumbi ulijilinda. Bendi nayo ilikuwa imeshaujaza ukumbi kupita uwezo wake, na vijana wa mijini mbali, wasio na Gilman yoyote karibu, walikuwa na haki ya kuusikia muziki huo. Blink-182, Sum 41 na wengi waliofuata walipita njia iliyofunguliwa na Dookie.

Kinachonifanya niwaamini mpaka leo ni mwaka 2004. Albamu ya mwaka 2000 haikuuza kama zilizotangulia, na kanda za kazi waliyokuwa wakiiandaa ziliibiwa. Wangeweza kuirekodi upya. Wakaamua kuanza moja, wakatoa American Idiot, wakaikemea nchi yao waziwazi wakati wa vita vya Iraq, wakiwa ndani ya kampuni kubwa ileile. Mwaka 2015 waliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, na Mei mwaka huohuo wakapiga tena Gilman, kuwachangia wachapishaji wa vitabu wa Oakland walioathiriwa na moto. Watatu walewale.

Na hili mwambie mwenzako anayeamini kwamba udogo wa kampuni ndio usalama. Mwaka 2005 Green Day waliziondoa albamu zao za mwanzo Lookout kwa sababu ya mirabaha, yaani fungu lao la mauzo, waliyokuwa hawajalipwa. Waliweza kuziondoa kwa kuwa rekodi zilikuwa zao. Kwa hiyo nitumie huo mkataba kabla hujatia saini, kurasa zote, na uwekee alama mahali wanapotaja mmiliki wa rekodi na muda wa kulipwa. Wale wenzako wawili nao wausome, tena mkiwa mmekaa pamoja.

Baba yako