Bonsai ya nchi za joto: chungu kidogo kije mwisho

Wengi huanza bonsai, yaani mti unaotunzwa uwe mfupi chunguni lakini uonekane mkongwe, kwa kununua chungu. Kina kina cha vidole vitatu na rangi ya kupendeza. Humo wanachomeka mche wenye shina la penseli, kisha wanasubiri uzeeke. Hautazeeka. Ndani ya chungu kidogo mizizi haina pa kwenda, majani ni machache, na shina huongezeka kwa unywele tu. Chungu hicho ni cha kutunzia mti ambao umbo lake limekwisha kukamilika.

Shina hunenepeshwa na majani mengi na mizizi yenye nafasi. Kwa hiyo miaka miwili mitatu ya mwanzo panda ardhini au kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa chini, na uache tawi moja au mawili ya chini yarefuke bila kuguswa, hata yakikupita kimo. Yanachukiza macho, lakini ndiyo yanayojaza kitako cha shina, na siku moja utayakata. Unene ukifika unapotaka, fupisha shina lenyewe, uchague chipukizi moja liwe kilele kipya, kisha uliache nalo linenepe. Ukirudia hivyo mara kadhaa, shina litakuwa nene chini na jembamba juu, na hapo ndipo mti mfupi huonekana mkongwe.

Kwa mti wa kwanza ningechagua mtini uitwao Ficus microcarpa. Huvumilia makosa ya kumwagilia, hupenda kupogolewa na huchipua hata kwenye tawi la zamani lisilo na jani. Ndugu yake, Ficus benjamina, si mwepesi hivyo: ukikata tawi lake ukaliacha bila jani hata moja, mara nyingi hulitelekeza likafa. Bogenvilia ina maua ya kutamanisha, ila mizizi yake hukatika ovyo wakati wa kuhamisha. Adenium, yaani waridi la jangwani, nayo huhifadhi maji shinani, na inayomwagiliwa kila siku huoza.

Sasa kuzalisha, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Vipandikizi ni rahisi: tawi lililokomaa kidogo, majani yapunguzwe, lichomekwe kwenye mchanga wa punje kubwa wenye unyevu, kivulini. Usilivute kila mara kuangalia kama limeota.

Ila ukitaka mti wenye shina nene tangu siku ya kwanza, otesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mti mama. Chagua tawi lenye afya wakati mti unachipua kwa nguvu. Kwa kisu kikali, kata gome kuzunguka tawi sehemu mbili, zikiachana kiasi cha mara moja na nusu ya kipenyo chake, uondoe gome lote la katikati. Kwangua mpaka utelezi uishe. Ukibakiza utando ule mwembamba wa kijani, gome litaungana tena na mizizi haitatoka. Futa utomvu mweupe kwa kitambaa kibichi, na uangalie usikuingie machoni. Kisha zungushia makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, funika kwa nailoni, kaza juu na chini kama pipi.

Tawi halinyauki kwa sababu maji huendelea kupanda ndani ya mti. Chakula cha majani ndicho hushuka kupitia gome. Kikikuta njia imekatwa, hurundikana juu ya jeraha, na mizizi huchomoza hapo. Kwa mitini, wakati wa joto, ni kama wiki nne hadi nane. Mizizi myeupe ni dhaifu mno. Ikianza kugeuka kahawia ndani ya nailoni, kata tawi chini yake.

Unapopanda mche huo, weka kigae bapa chini ya mizizi na uitandaze pande zote. Kasoro ya tawi hurekebishika mwaka wowote. Mizizi iliyojisokota upande mmoja itakusumbua miaka.

Zalisha miche kadhaa. Mwenye mti mmoja huupogoa, huufunga waya na kuuhamisha mwezi uleule, kwa sababu mikono inamwasha. Mwenye kumi anaweza kuacha tisa ipumzike.

Udongo uwe wa punje: matofali yaliyopondwa au changarawe, vumbi lichekechwe litoke. Udongo wa bustani hugandamana ukanyima mizizi hewa. Kwa kuwa punje hazishiki rutuba, mbolea kidogokidogo haikwepeki.

Waya wa alumini wa kukunjia matawi ukague kila wiki mti unapokua kwa kasi, maana mtini hunenepa haraka na waya huzama kwenye gome. Uutoe kwa kuukata vipandevipande. Ukiukunjua, tawi huweza kuvunjika. Na ukikuta majani ya Ficus microcarpa yamejikunja katikati, fungua moja: aghlabu utaona vijidudu vyeusi vyembamba ndani. Chuma majani yote ya namna hiyo, uyachome.