Ndege wa Ulaya wanaondoka Nairobi, wahi kabla ya mwezi wa nne kuisha

Watu wakiniuliza waanze lini kuangalia ndege huwa nawaambia mwezi wa tatu mwishoni, mvua zikianza tu, wanashangaa, si hapo ndo matope? Lakini wageni kutoka Ulaya na Asia waliokuwa hapa tangu Oktoba wanajaza mafuta mwilini warudi kwao kuzaa, na ndege mwenye safari ni mlafi hana time na wewe.

Mimi huenda Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, miti ilianza kupandwa pale 1907 wakitafuta inayokua haraka ya kuni za treni, ndo maana iko ya kila aina. Usizunguke sana. Tafuta mti wenye matunda yameiva, simama hapo nusu saa hivi utulie, blackcap watakuja wenyewe, dume ana kofia nyeusi tii na jike ana ya kahawia, wengi hudhani ni ndege wawili tofauti. Huko juu kwenye majani kuna kitu cha kijani-njano hakitulii hata sekunde, huyo ni willow warbler, uzito wake kama gramu 10 na kuna wanaotoka hadi Siberia. Usimfukuze na darubini utaumia shingo bure, ngoja aimbe, sauti inaanza juu halafu inateremka ikififia. Desemba utasikia tu "huiit" basi, ila wakikaribia kuondoka ndo wanaimba vizuri.

Mbayuwayu nao waangalie mkia, saa hii wengi washabadilisha manyoya na zile nyuzi mbili ni ndefu, safi kabisa.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kama usiku kulinyesha usikose, maana wengi husafiri usiku na mvua huwashusha. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na lenzi za milimita 42, inatosha, hizo za kukuza mara 20 mkono ukitikisika kidogo huoni kitu. Chakula ficha, kima wa pale hawana adabu. Na nyinyi mnaocheza sauti za ndege kwa simu acheni jamani, anamaliza nguvu za safari akifukuza mpinzani ambaye hayuko.

Ukiogopa kuanza peke yako, Nature Kenya, chama cha uhifadhi wa mazingira, wana matembezi kila Jumatano asubuhi, wanakutania Makumbusho ya Taifa, kaa karibu na wale wazee wanaotambua ndege kwa sikio. Ukisoma hii mwezi wa tano umechelewa, ngoja Oktoba.