Shukrani Yangu Ilianzia Kwenye Kipande cha Barafu

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja ambaye hatujawahi kuonana. "Dada, nina miaka 29. Figo zote mbili zimefeli, Jumatatu naanza kusafisha damu. Kila mtu ananiambia nimshukuru Mungu. Nishukuru nini?"

Sikuweza kumjibu palepale. Nilikaa na simu mkononi machozi yakinitoka, maana swali hilo nililiuliza mwenyewe, kwa hasira, mwaka 2019.

Mimi ni fundi cherehani. Mgongo uliponiuma kwa kuinama kutwa nzima, nilikuwa naingia duka la dawa nanunua diklofenaki, dawa ya maumivu. Ikiisha nanunua nyingine. Miaka ilikwenda hivyo. Presha nilikuwa nayo na sikuijua, kwa sababu sikuwahi kupima. Miguu ikavimba, nikasema ni kukaa sana. Chakula kikanishinda, nikasema vidonda vya tumbo. Majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, yalipotoka, daktari alifunga mlango kwanza ndipo akazungumza. Nikajua.

Miezi ya mwanzo naiacha, kila aliyepita huko anaijua. Nitasema kilichoniuma kuliko sindano. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, kwa hiyo nilipougua jambo hilo lilishakuwa linafanyika hapahapa nyumbani. Kilichobaki ni kupata ndugu wa kunipa. Mmoja tuliyezaliwa tumbo moja alisimama mbele ya wajomba akasema figo atatoa yeye. Asubuhi ya vipimo akazima simu. Nimemsamehe, Mungu ni shahidi. Lakini hadi leo nikiona jina lake kwenye simu kuna kitu kinanikaba kooni. Nyie wenye mgonjwa nyumbani, nawaomba: figo si deni, hakuna anayelazimika. Kama huwezi, sema siwezi, mgonjwa alie siku moja aendelee na safari yake.

Nikafanyiwa fistula mkono wa kushoto. Majirani walivyosikia "fistula" wakadhani ile ya uzazi, maneno yakazunguka mtaa mzima. Yangu ni mshipa wa vena uliounganishwa na ateri ili damu iende kwa kasi hadi kwenye mashine ya kuisafisha. Ukiweka vidole juu yake unasikia mtetemo, kama cherehani ya umeme inayounguruma chumba cha pili. Kila alfajiri kabla sijatawadha naugusa. Ukinyamaza, ni kukimbilia hospitali. Ukitetema, nasema alhamdulillahi, kisha ndiyo siku inaanza.

Sasa hiyo shukrani ilianzia wapi? Ilianzia kwenye maji. Figo zikifeli maji yanajaa mwilini, kwa hiyo unapimiwa ya kunywa. Kipimo nilichopewa mimi ni nusu lita kwa siku, chai na uji vikiwa humohumo. Joto la Dar mwezi wa pili mnalijua. Asubuhi najaza kichupa cha nusu lita, namimina kiasi kwenye kitreya cha barafu, kinachobaki ndicho cha chai na dawa. Mchana mmoja, umeme umekatika, feni imesimama, nikaweka kipande kimoja cha barafu mdomoni. Nikakiacha kiyeyuke taratibu chini ya ulimi. Nikalia. Miaka yote nilikunywa majagi na majagi ya maji bila kuyahisi yakipita. Siku hiyo nilisema alhamdulillahi kwa kipande cha barafu, na nilimaanisha kuliko maisha yangu yote ya nyuma.

Ndugu yangu, usingoje kushukuru kwa jambo kubwa. Anza na kitu kinachotosha mdomoni. Usimshukuru Mungu kwa ugonjwa kama hujafika huko, mimi mwenyewe sijafika. Mshukuru kwa kilichobaki, tena kitaje kwa jina lake.

Ramadhani ndiyo inanipima hasa. Sifungi, natoa fidia ya kulisha maskini, na kwa mtu aliyefunga tangu utotoni moyo unauma. Halafu futari yenyewe: ndizi, viazi, magimbi, mihogo, tende, madafu. Karibu meza yote ni madini ya potasiamu, na figo zikifeli potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Mama yangu alijifunza kunikatia viazi vidogo vidogo, kuviloweka, kuvichemsha na kumwaga maji, kisha kuvipika upya kwa maji mengine. Anafanya hivyo ana miaka sabini na kitu. Ukiniuliza nishukuru nini, namwangalia mama akimwaga yale maji.

Na kazi. Sikilizeni sana hapa, maana huzuni inapenda mikono iliyokaa bure. Mashine ni mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Kwa mwaka ni mara 156. Damu inazunguka nje ya mwili, kiyoyozi kinapuliza, na mkono lazima uwe wazi. Tulikuwa tunatetemeka humo ndani na kanga mabegani. Siku moja nikarudi nyumbani nikashona koti zito lenye zipu kuanzia begani hadi kifundo cha mkono, nesi anafungua pale anapopahitaji tu. Mzee wa kitanda cha jirani akaligusa, akasema, "Mwanangu, na mimi nishonee." Nimeshashona 43. Sijaweka bei, anayeweza ananunua kitambaa. Najivunia makoti hayo kuliko magauni yote ya harusi niliyowahi kushona. Siku ambazo sitaki kuamka, nakumbuka kuna mtu ana baridi na koti lake liko mezani halijawekwa zipu. Naamka. Tafuta mtu mmoja anayekusubiri. Hata ukimsomea mtoto wa jirani hesabu, hata ukimshika mkono mgeni siku yake ya kwanza kwenye mashine. Tafuta, usikae.

Mdogo wangu, Jumatatu huenda ukawekewa mpira wa kupitishia damu shingoni, maana fistula huchukua wiki kadhaa kukomaa. Koti lako la kwanza nitalifungua shingoni, la mkono litafuata. Nitumie upana wa mabega na urefu wa mkono. Na uniambie unaandika kwa mkono gani, maana fistula kwa kawaida huwekwa mkono wa pili, nami nijue zipu niiweke upande upi.