Jibu: neno refu la Kiingereza lisilo na herufi e, na sentensi yenye herufi zote

Mkuu, umeuliza vitu vitatu vya Kiingereza: neno refu lisilo na herufi e, neno lenye irabu zote tano, na sentensi yenye herufi zote A mpaka Z. Kwa lisilo na e we chukua floccinaucinihilipilification, lina herufi 29 na e hata ya dawa humo huipati, ila i zimejazana tisa nzima. Maana yake ni ile tabia ya kuona kitu hakina thamani yoyote. Sijawahi kusikia mtu analitumia kwenye maongezi ya kawaida, kazi yake kubwa ni kuringishiana tu kama hivi.

Lile la irabu zote tano, facetious ndo tamu kuliko yote maana zimejipanga zenyewe a, e, i, o, u, ukiongeza ly mwishoni unapata na y juu yake. Ukitaka refu zaidi chukua uncopyrightable, herufi 15 na hakuna hata moja inayojirudia, irabu zote zimo ila mpangilio wake vurugu.

Sasa kwenye sentensi ya A mpaka Z hapo ndo wengi wanachemka. Ile ya mbweha, The quick brown fox jumps over the lazy dog, lazima iwe jumps, ukiandika jumped tayari s imepotea na sentensi nzima imeharibika, na utaikuta imekosewa hivyo kila kona. Ipo fupi kidogo, Pack my box with five dozen liquor jugs, herufi 32 wakati ya mbweha ni 35. Ila kama ni ya watoto wa shule baki na mbweha tu, hiyo nyingine imejaa pombe 😂