Maswali na Majibu: Namba Tasa Kubwa na Madai Yasiyothibitishwa

Maswali ya safari hii yanahusu 2^136279841 − 1, namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, iliyogunduliwa Oktoba 2024 na Luke Durant wa Marekani kupitia GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba tasa za aina hii.

Swali: Mwalimu, hiyo ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote?

Jibu: Hapana. Ilitangazwa kuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba namba tasa hazina mwisho.

Swali: Kwa kuwa kipeo 136,279,841 ni tasa, jibu si lazima liwe tasa?

Jibu: Si lazima, na swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi mno. Chukua 11, ambayo ni tasa: 2^11 − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Lililo kweli ni kwamba kipeo kisipokuwa tasa, jibu nalo haliwezi kuwa tasa. Marin Mersenne, mtawa Mfaransa ambaye namba hizi za umbo la 2^n − 1 zinaitwa kwa jina lake, aliiweka 67 katika orodha yake ya mwaka 1644 ya vipeo alivyodai vinatoa namba tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas alionyesha kwamba 2^67 − 1 si tasa, ingawa hakuvijua vigawo vyake, na ni Frank Nelson Cole aliyevitoa mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Mwalimu anayefundisha nusu ya kanuni hii anamwachia mwanafunzi kosa atakaloishi nalo miaka.

Swali: Tarakimu yake ya mwisho ni ipi?

Jibu: Ni 1.

Swali: Kompyuta iliwezaje kuigawa kwa namba zote zilizo chini yake?

Jibu: Haikufanya hivyo, wala hakuna kompyuta inayoweza. Lipo jaribio la Lucas na Lehmer, na linaonekana vizuri kwa 31, yaani 2^5 − 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31, kisha endelea na baki. Kutoka 4 unapata 14. Kutoka 14 unapata 194, ambayo baki yake ni 8. Kutoka 8 unapata 62, na baki ni 0. Hatua ni kipeo kutoa 2, hivyo hapa ni 3, na baki ya mwisho ikiwa 0 namba ni tasa, la sivyo namba si tasa. Kwa namba ya Durant hatua ni 136,279,839. Tarehe 11 Oktoba jaribio la Fermat lilikuwa limeonyesha tu kwamba yaelekea ni tasa. Uthibitisho ulikuja kesho yake kwa njia hii, na wanaosambaza habari wasiyachanganye mambo hayo mawili.

Swali: Benki zitaitumia kulinda fedha zetu?

Jibu: Hapana. Ufunguo wa RSA, njia ya kuficha taarifa kwa hisabati, hutokana na namba tasa mbili za mamia ya tarakimu, zilizochaguliwa kwa nasibu na kufichwa, ilhali hii inajulikana dunia nzima. Anayekuuzia programu ya usalama kwa kuitaja namba hii usimpe hata senti.

Swali: Ni ya 52 kwa ukubwa katika namba za Mersenne zilizo tasa?

Jibu: Ni ya 52 kwa kugunduliwa. Kuipa nafasi hiyo kwa ukubwa kunahitaji kila kipeo tasa kilicho chini yake kiwe kimepimwa na kuhakikiwa, na kama namba hizo zina mwisho au hazina, hakuna aliyethibitisha.