Jack Benny: kutoka vodevili hadi televisheni
Jack Benny, mchekeshaji wa Marekani, aliwezaje kuhama kutoka vodevili, yaani maonyesho ya jukwaani ya vichekesho, nyimbo na dansi, hadi redio na televisheni bila kupotea? Hakutegemea wingi wa vichekesho. Alijenga mhusika mmoja: bahili, mwenye majivuno, asiyekubali kuzidi miaka 39. Fidla aliyotoka nayo kwenye majukwaa ya vodevili akaipiga vibaya makusudi. Redioni alianza 1932. Sikiliza kipindi cha 1948: jambazi anamwambia achague pesa au uhai, naye ananyamaza. Ukimya ule unavunja mbavu kwa sababu wasikilizaji wanaujua ubahili wake kwa miaka. Mchekeshaji mgeni akinyamaza hivyo, ukumbi unapoa. Televisheni, 1950 hadi 1965, ikaongeza macho na kiganja shavuni. Alianza na vipindi vichache tu kwa mwaka, uamuzi wa busara sana, watazamaji wasimchoke.