Maswali na Majibu: Jina Lako Katika Zabuni ya Mwingine

Swali: Kampuni kubwa ilitumia jina na bei zangu kuomba kandarasi ya serikali kuu hapa Marekani. Imeshinda, na sasa haipokei simu zangu.

Jibu: Barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote ninazopokea. Mkandarasi mkuu mwenye mpango wa kugawa kazi kwa biashara ndogo anatakiwa kumwarifu afisa wa mikataba kwa maandishi anapomwacha mkandarasi mdogo aliyemtumia kuandaa zabuni, wala haruhusiwi kukuzuia kuzungumza na afisa huyo kuhusu malipo au kazi yako. Mwandikie afisa, uambatishe barua pepe ulizoombwa bei. Usitarajie kurudishiwa kazi, kwa kuwa serikali haina mkataba nawe. Anayekubali "tukishinda tutashirikiana" bila kuandikiana ni kazi gani na kwa bei gani amejitoa kuwa pambo la zabuni ya mwenzake.

Swali: Kujisajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya wanaoomba kandarasi, ni shilingi, yaani dola, ngapi?

Jibu: Bure. Nimeshajibu hili mara nyingi. Anayekutumia ankara ya usajili si serikali, hata bahasha yake ikiwa na picha ya tai kama nembo ya serikali.

Swali: Mimi ni askari mstaafu mwenye ulemavu nilioupata jeshini. Rafiki yangu mwenye kampuni ya usafi anataka tuombe kwa jina langu, kazi aifanye yeye, nami nipewe asilimia 10.

Jibu: Usithubutu. Ni lazima umiliki angalau asilimia 51 na uiongoze kampuni wewe mwenyewe; cheti cha kampuni za wastaafu kama wewe hutolewa na SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, iliyopokea jukumu hilo kutoka VA, wizara ya wastaafu wa jeshi, mwezi Januari 2023. Isitoshe, katika kandarasi za huduma zilizotengewa kundi lenu, huruhusiwi kuwalipa wakandarasi wadogo wasio na hadhi kama yako zaidi ya nusu ya fedha unazolipwa na serikali. Lengo la serikali la mgao wa fedha za kandarasi kwa kundi hilo limepandishwa kutoka asilimia 3 hadi 5, na wanaotafuta wastaafu wa kuwaweka mbele nao wameamka. Saini kwenye fomu itakuwa yako.

Swali: Nilimaliza kutandaza nyaya katika jengo la serikali, sijalipwa.

Jibu: Tazama dhamana ya malipo, yaani ahadi ya mdhamini kuwalipa waliofanya kazi mkandarasi mkuu asipowalipa, chini ya Sheria ya Miller ya 1935. Siku 90 zikipita tangu kazi yako ya mwisho, unaweza kuidai dhamana hiyo mahakamani, lakini kabla ya mwaka mmoja kuisha. Ikiwa aliyekupa kazi ni mkandarasi mdogo mwenzako, ni lazima umpe mkandarasi mkuu taarifa ya maandishi ndani ya siku hizo 90. Nakala ya dhamana huombwa serikalini kwa hati ya kiapo. Iombe wiki hii.